Samaki Abishaye Hodi

Leo twanena habari za samaki mdogo wa rangi ya machungwa, mwenye mstari mweupe mgongoni, akaaye katika miamba ya pwani yetu. Wataalamu humwita Amphiprion akallopisos. Nyumba yake ni mnyama afananaye na ua, aliyeshika mwamba, mwenye minyiri mingi ichomayo kwa sumu. Samaki wengine wadogo wakiigusa hunaswa wakaliwa. Huyu hulala humo.

Sisi tulifuga wawili hao katika sanduku la kioo lenye maji ya bahari. Tulimtenga samaki majuma machache, kisha tukamrudisha, tukidhani ataingia mara moja. Kumbe! Alipogusa mnyiri alishtuka, akarudi nyuma kama mgeni. Mwaka 1958 Davenport na Norris walieleza ya kuwa kinga yake imo katika ute ufunikao ngozi. Naye akikaa mbali na mwenyeji wake, kinga hupungua.

Tulikuwa tumekwisha kushika kijiti tumsukume, heri tuliacha. Akagusa kwa mkia, akakimbia. Akagusa kwa tumbo, akarejea tena, saa nzima na zaidi. Usiku tulipomulika taa, tulimwona katikati ya minyiri, ametulia.