Peter Pan na wadi ya watoto

Mada ya Kamati ya Afya kwenye hafla ya mwaka ya kuchangia maendeleo ya nyumbani



Kila mwaka Kamati ya Afya hupewa muda wa kusema machache kabla ya zoezi la kuchangia. Miaka iliyopita tuliutumia muda huo kusoma taarifa ya saruji, mabati na vitanda, na tuliona wenyewe jinsi baadhi yenu mlivyosinzia. Mwaka huu taarifa hiyo mtaisoma wenyewe mkifika nyumbani. Sisi tumekuja na hadithi.

Watoto wenu wanamfahamu huyu tunayetaka kumzungumzia. Ni yule mvulana wa kwenye katuni mwenye nguo za kijani na unyoya kofiani, anayeruka angani bila mabawa na hataki kabisa kuwa mtu mzima. Jina lake Peter Pan. Wengi wetu tulidhani alizaliwa Marekani, katika filamu ya katuni ya mwaka 1953. Sivyo. Filamu ile ilipotoka, Peter Pan alikuwa amekwisha kukaa jukwaani karibu miaka 50. Nyuma ya pazia lake kuna kisa ambacho sisi wa kamati tulipokisoma tulisema: hiki ni cha kwetu.

Aliyemtunga ni James Matthew Barrie, aliyezaliwa mwaka 1860 katika mji mdogo wa Kirriemuir, Scotland. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo, na nyumba yao ilijaa watoto. Sasa Waskoti, kwa taarifa yenu, hutaniwa na Waingereza kwamba ni wabahili. Sisi Wapare tunajua uchungu wa utani huo. Mnacheka, lakini tuvumiliane mpaka mwisho tuone bahili ni nani.

Barrie alipokuwa na miaka 6, kaka yake David aliumia akiwa anateleza kwenye barafu, akafa. David alikuwa anakaribia kutimiza miaka 14. Mama yao aliugua kwa huzuni, na yule mdogo akawa anashinda chumbani kwake akijaribu kumliwaza. Baadaye Barrie aliandika kitabu kuhusu mama yake, na humo akaeleza jinsi yeye mwenyewe alivyokua akawa mtu mzima, lakini David akabaki vilevile, mvulana wa miaka 13. Mzazi yeyote aliyewahi kuzika mtoto anaelewa. Mtoto wa marehemu hakui. Hapo ndipo tunapoona mbegu ya mvulana asiyekua.

Barrie alihamia London akawa mwandishi maarufu. Katika bustani ya Kensington alizoeana na watoto wa familia ya Llewelyn Davies, akawa anawasimulia hadithi na kucheza nao maharamia. Katika michezo hiyo Peter Pan alipata umbo. Mwaka 1902 alitokea kwa mara ya kwanza katika kitabu cha Barrie, na tarehe 27 Desemba 1904 alipanda jukwaani katika ukumbi wa Duke of York's, London.

Mchezo ule ulikuwa kazi ya kutisha. Mkurugenzi mmoja mkubwa wa ukumbi alipousikia alidhani Barrie amerukwa na akili. Ni Mmarekani Charles Frohman aliyekubali kutoa fedha. Waigizaji walifungwa mikanda na kuvutwa juu kwa waya, kazi iliyofanywa na mafundi wa kampuni ya George Kirby. Mitambo ilisumbua hata onyesho la kwanza likaahirishwa kwa siku kadhaa. Peter mwenyewe aliigizwa na mwanamke, Nina Boucicault, na kwa miaka mingi baadaye wanawake waliendelea kumwigiza. Tinker Bell, yule rafiki yake mdogo mwenye mabawa, hakuwa mtu. Alikuwa doa la mwanga lililochezeshwa kwa kioo.

Kuna mahali katika mchezo ambapo Tinker Bell anakaribia kufa, na Peter anawaomba watazamaji wapige makofi ili apone. Usiku wa kwanza Barrie aliogopa kwamba ukumbi uliojaa watu wazima ungekaa kimya. Akawaambia wanamuziki waweke vyombo chini na kupiga makofi iwapo hakuna atakayeanza. Hawakuhitajika. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Ndugu zetu wa kamati ya mapato, tunajua nanyi mmewapanga watu wenu humu ndani wa kuanzisha makofi na kuanzisha kuchangia. Msione haya. Mbinu hiyo ina miaka zaidi ya 100.

Jambo jingine. Barrie alisimulia kwamba baada ya maonyesho ya kwanza wazazi walimlalamikia: watoto walikuwa wakirudi nyumbani, wanapanda kitandani na kujirusha ili wapae, wanaishia kwa daktari. Ndipo akaongeza kwamba hakuna awezaye kuruka mpaka apulizwe vumbi la ajabu. Kumbe lile vumbi mnaloliona kwenye katuni liliwekwa ili watoto wasivunjike mifupa.

Lakini si kila mtoto aliyepita karibu na Peter Pan alisalimika. Wale wavulana wa Llewelyn Davies walifiwa na baba mwaka 1907 na mama mwaka 1910, na Barrie akawa mmoja wa walezi wao. George aliuawa vitani mwaka 1915. Michael alikufa maji mwaka 1921. Peter, aliyetoa jina lake, hakulipenda jina hilo linavyomfuata, na mwaka 1960 alijiua. Na yule mtoto wa Marekani aliyetoa sauti ya Peter katika katuni ya 1953, Bobby Driscoll, alikutwa amekufa peke yake New York mwaka 1968, akiwa na miaka 31. Hakuna aliyemtambua, akazikwa katika makaburi ya wasio na ndugu. Dunia nzima ilikuwa imeisikia sauti yake. Tunayasema haya kwa sababu watoto wanaweza kupendwa kwenye picha na kusahaulika kitandani.

Sasa tufike hospitali. Huko London kuna hospitali ya watoto ya Great Ormond Street. Ilifunguliwa mwaka 1852 ikiwa na vitanda 10 tu. Nayo ilijengwa kwa michango, na mwaka 1858 mwandishi Charles Dickens alihutubia karamu ya kuichangia, hafla kama hii yetu ya leo. Mwaka 1929 hospitali ilitaka kununua ardhi ili ipanuke, ikamwomba Barrie aingie katika kamati ya kutafuta fedha. Barrie alikataa. Alisema hawezi kukaa kwenye kamati, ila anatumaini atapata njia nyingine ya kusaidia.

Maneno hayo tunayafahamu. Kila mwaka tukizunguka kuomba watu waingie kwenye kamati, tunajibiwa hivyo hivyo, na huwa ndiyo mwisho wa habari.

Kwa Barrie haukuwa mwisho. Baada ya miezi miwili hivi aliitangazia hospitali kwamba anaipa haki zote za Peter Pan. Hakuandika hundi ya kuliwa mara moja ikaisha. Alitoa chanzo chenyewe, ili kila mchezo unapochezwa na kila kitabu kinapouzwa, mrabaha uende kwa watoto wagonjwa. Desemba ya mwaka huohuo waigizaji wakaenda hospitalini na kuwachezea watoto sehemu ya mchezo palepale wodini. Barrie aliomba pia kwamba kiasi cha fedha kinachopatikana kisitangazwe, na hospitali imeliheshimu ombi hilo mpaka leo.

Alifariki mwaka 1937. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, hakimiliki ilikoma miaka 50 baadaye, mwisho wa 1987. Chanzo kikaelekea kukauka. Ndipo Lord Callaghan, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, na ambaye mkewe Audrey aliitumikia hospitali hiyo kwa miaka mingi, alipopeleka pendekezo bungeni. Sheria ya mwaka 1988 ikaipa hospitali haki ya kupata mrabaha wa Peter Pan ndani ya Uingereza bila kikomo.

Wenzetu wa nyumbani, hii ni ndiva. Wazee wetu hawakuwaachia watoto wao ndoo za maji. Walichimba ndiva, wakaielekezea chemchemi, maji yakajaa usiku na asubuhi yakafunguliwa kwenye mifereji. Waliochimba kwa msaragambo wamelala makaburini, na sisi tumekula mahindi na maharage ya maji yao. Barrie alichimba ndiva kwa hadithi.

Tuseme ukweli kati yetu. Tumezoea kuja hapa, kusimama, kutaja kiasi, kupigiwa makofi na kukaa. Ahadi nyingine zinalipwa, nyingine zinabaki kwenye daftari, na hata zilizolipwa zinakwisha kabla ya mvua za mwaka unaofuata. Wadi ya watoto ya kituo chetu cha afya ina kuta na paa. Kinachoisumbua ni yale ya kila mwezi: dawa, shuka, umeme, mafuta ya gari la kupeleka mtoto hospitali ya wilaya usiku. Hayo hayajengwi kwa harambee ya siku moja.

Kwa hiyo mwaka huu tunaomba vitu viwili. Cha kwanza ni kile cha siku zote: toeni mlichonacho leo, na aliyeahidi mwaka jana amalize. Cha pili ni kipya. Kila mmoja afikirie kama ana chanzo, hata kidogo, anachoweza kukielekeza kwenye wadi. Aliye na shamba la tangawizi atenge matuta machache. Aliye na nyumba ya kupangisha hapa mjini atoe kodi ya chumba kimoja kwa mwezi mmoja kila mwaka. Aliye na hisa atoe gawio. Mwimbaji wetu au mwalimu aliyeandika kitabu atoe mrabaha wa kazi moja tu. Yaandikwe, yasainiwe, yawe mali ya wadi hata sisi tukiwa hatupo. Na kama Barrie, anayetaka kiasi chake kisitajwe hakitatajwa.

Mtu huyu angeweza kuzikwa Westminster Abbey pamoja na wakubwa wa Uingereza. Alizikwa Kirriemuir, karibu na wazazi wake na David. Jasiri haachi asili.

Haya, bahili ni nani? Tutajua daftari likifunguliwa.