KUZIMA NAKO KUNA UTARATIBU



Nimeombwa niseme neno litakalowafaa wanaosoma fizikia. Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Ofisini tulikuwa na kompyuta ndogo ya kutunzia kumbukumbu za wananchi. Jioni moja, kwa haraka ya kwenda nyumbani, nilichomoa waya. Kesho yake kazi ya siku tatu haikusomeka, na wazee waliotoka mbali wakarudi mikono mitupu.

Prosesa haili umeme wa aina moja. Chukueni bodi ya BeagleBone Black: hupokea volti 5, na chipu moja, TPS65217C, huzipunguza kuwa 3.3, 1.8, 1.5 na 1.1. Kila volti huja kwa zamu yake, na prosesa huzuiwa isianze kazi mpaka zote zimetimia. Zikija ovyo, umeme hupenya pasipo pake, na prosesa yaweza kuharibika.

Wakati wa kuzima, programu huandika kwanza iliyo nayo mkononi. Kisha chipu hushusha volti kinyumenyume: ya mwisho kuwaka huwa ya kwanza kuzimika. Mimi niliyechomoa waya sikuipa mashine nafasi hiyo, na hakuna chipu ya kuniokoa.

Vijana, haraka yangu ya dakika moja waliilipa watu wasionijua. Mkikabidhiwa kazi ya umma, imalizeni kwa utaratibu kama mlivyoianza.