Maziwa ya Unga kwa Mtoto Mchanga Aliye Hospitali

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo lionekanalo dogo, lakini madhara yake ni makubwa: namna ya kutengeneza maziwa ya unga kwa mtoto mchanga aliyelazwa hospitali.

Tuanze na kisa cha kweli. Mwaka 2001, katika jimbo la Tennessee nchini Marekani, alizaliwa mtoto mwanamume kabla ya miezi yake kutimia. Uzito wake haukufika kilo moja na nusu. Alitunzwa katika chumba cha watoto wadhaifu, katika hospitali yenye waganga hodari na vyombo vya kila namna. Hata hivyo alishikwa na homa, ugonjwa ukaingia katika ngozi zinazofunika ubongo, akafa. Ilipotafutwa asili ya maradhi, kijidudu kilionekana katika maziwa ya unga aliyonyweshwa. Tena kikaonekana hata katika kopo la maziwa yale yale ambalo lilikuwa halijafunguliwa bado.

Hapo ndipo penye funzo. Wengi wetu hudhani kwamba kopo likifungwa kiwandani, kilichomo ni safi kabisa. Sivyo. Maziwa ya maji yaliyo tayari kunywewa huuawa vijidudu vyake vyote kwa moto kiwandani, lakini maziwa ya unga hayafanywi hivyo. Kijidudu kile, kiitwacho Cronobacter, huweza kukaa katika unga mkavu siku nyingi, kimelala kama mbegu ghalani. Kikipata maji ya vuguvugu, huamka na kuzaana upesi. Mtu mzima hakimdhuru kwa kawaida. Bali mtoto wa chini ya miezi miwili, na hasa aliyezaliwa kabla ya siku zake au mwenye uzito chini ya gramu 2500, hana nguvu za kupigana nacho.

Basi tufanyeje? Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani, pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, lilitoa maongozi juu ya jambo hili. Twawaeleza yaliyo makubwa.

Kwanza, mahali pa kutengenezea maziwa pawe mbali na wagonjwa, pasafishwe, na pasitumiwe kwa kazi nyingine. Mwenye kutengeneza anawe mikono kwa sabuni. Chupa, vikombe na vijiko vioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kisha vichemshwe.

Pili, maji yachemke kweli kweli, kisha yaachwe yapoe kidogo, yasipite nusu saa. Unga utiwe katika maji yenye joto lisilopungua digrii 70, kwa kuwa joto hilo ndilo liuwalo vijidudu vilivyomo katika unga wenyewe. Atumiaye maji yaliyochemshwa jana, yakawa baridi, amesafisha maji lakini hakusafisha unga.

Tatu, chupa ipozwe upesi katika maji baridi, maji yale yasiguse mdomo wake, na maziwa yajaribiwe kifundoni mwa mkono yasije yakamchoma mtoto. Anyweshwe papo hapo. Yakibaki muda wa saa 2, yamwagwe. Kama hapana budi kuyatengeneza mapema, yapozwe mara moja na kuwekwa katika jokofu lenye baridi isiyozidi digrii 5, wala yasikae zaidi ya saa 24. Kila chupa iandikwe jina la mtoto, saa ya kutengenezwa, na jina la aliyeitengeneza.

Twajua kuwa jambo la kumwaga maziwa ni zito. Kopo lanunuliwa kwa fedha nyingi, na bibi aketiye kando ya kitanda huona ni dhambi kumwaga nusu ya chupa; huifunika kwa kitambaa ili mjukuu aimalize akiamka. Hafanyi hivyo kwa uovu, bali kwa mapenzi na uangalifu wa mali. Lakini chupa ile, ikikaa katika joto la wodi, ni shamba la vijidudu. Heri kutengeneza kidogo kidogo, mara kwa mara, kuliko kuweka akiba ya namna hiyo.

Mwisho, tukumbuke kwamba maziwa ya mama ndiyo bora, hata kwa mtoto asiyeweza kunyonya. Huweza kukamuliwa na kunyweshwa kwa kikombe au kwa mpira mwembamba. Unga ni kwa yule ambaye maziwa ya mama hayapatikani au hayamfai, kwa shauri la mganga. Na kwa watoto walio dhaifu kabisa, yakipatikana maziwa ya maji yaliyouawa vijidudu, hayo yatangulizwe mbele ya unga.

Ndugu zetu, mtoto mchanga hawezi kusema, “Maziwa haya yamekaa.” Sisi ndio tumwangalizie saa. Kwaherini.