Mwaka wa Matayarisho: Maneno kwa Vijana Waendao Kusoma Ujerumani



Nimepewa nafasi hii nizungumze nanyi habari za vijana watakao kwenda kusoma katika Vyuo Vikuu vya nchi za mbali. Nchi ni nyingi na taratibu zao ni mbalimbali, basi nitashika moja tu, Ujerumani, kwa kuwa huko matayarisho ya mwanafunzi mgeni yamewekwa kwa kanuni zilizo wazi.

Kijana amalizapo shule na kupata hati nzuri, hudhani hati hiyo ni ufunguo wa kila mlango. Wajerumani huitazama hati ile kwa makini: amesoma masomo gani, amepata alama gani, na amesoma miaka mingapi. Wengine huruhusiwa kuingia Chuo Kikuu moja kwa moja. Wengine huambiwa wapite kwanza katika shule ya matayarisho, ambayo kwa lugha yao huitwa Studienkolleg. Kwa desturi mwanafunzi hukaa humo mihula miwili, yaani mwaka mmoja, naye hufundishwa saa 28 hadi 32 kila juma. Mwisho wake ni mtihani, na asiyeshinda huruhusiwa kuurudia mara moja tu.

Wazee wengi wakisikia habari hii hukasirika. Husema, "Mwanangu amekwisha kushinda mitihani yote; mbona anarudishwa darasani kama mtoto?"

Swali hilo lastahili jibu, nami nitalijibu kwa mfano. Katika shule nyingi za namna hii, mtihani wa kuingia huwa na maandiko mafupi ambayo nusu ya pili ya kila neno la pili imefutwa, naye mwanafunzi hutakiwa kuyakamilisha. Tufanye hivyo kwa Kiswahili. Sikilizeni: "Juzi mv… alileta sam… wabichi sok…" Bila shaka mmekwisha kujibu: juzi mvuvi alileta samaki wabichi sokoni. Hata mtoto mdogo aliye hapo jikoni amejibu. Je, mmejibu kwa sababu ya akili nyingi? La, mmejibu kwa sababu lugha hii mmekua nayo. Sasa mpeni sentensi hiyo mgeni aliyejifunza Kiswahili miezi mitatu, hata akiwa bingwa wa hesabu, atatoa jasho.

Basi mwaka wa matayarisho si adhabu, wala si dharau kwa hati zetu. Ni mwaka wa kuifundisha akili kutembea katika lugha nyingine. Kijana ajuaye kemia kwa Kiingereza hana budi kujifunza kuisikiliza kwa Kijerumani, kuiandika upesi mhadhiri asemapo, na kuijibu mbele ya watu. Afadhali ajikwae hapo kuliko kujikwaa ndani ya Chuo Kikuu.

Lakini liko jambo moja ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo lililonileta hapa. Shule hizi hazina darasa moja kwa wote. Madarasa yameitwa kwa herufi. Darasa la T ni la wale watakao uhandisi, hesabu na elimu ya viumbe visivyo na uhai. Darasa la M ni la udaktari na biolojia. Darasa la W ni la uchumi na elimu ya jamii. G ni la historia, fasihi na mengine ya jinsi hiyo, na S ni la lugha. Mtihani wa mwisho humfungulia mwanafunzi masomo ya upande aliousomea, wala si kila somo alitakalo.

Nilimfundisha kijana mmoja aliyetamani udaktari tangu utoto wake. Baba yake aliuza ng'ombe kwa ajili ya safari. Mtu mmoja aliyejifanya mjuzi wa mambo ya Ulaya aliwaambia kwamba darasa lo lote lafaa, maadamu kijana afike; akamwombea nafasi katika darasa la W. Kijana alisoma kwa bidii, akashinda vizuri. Alipotaka kuomba udaktari akaambiwa kwamba cheti chake ni cha uchumi. Aliusoma uchumi huo, akamaliza kwa heshima. Aliporudi alikuja nyumbani kwangu, akaniamkia, tukanywa chai. Kisha akasema, "Mwalimu, ilikuwa herufi moja tu." Sikuwa na la kumjibu, kwa maana mimi ndiye niliyemwandikia barua ya sifa, wala sikumwuliza aingia darasa gani.

Kwa hiyo nawasihi, ulizeni mapema.

Kwanza, ulizeni herufi ya darasa, na kama inapatana na kazi aitakayo kijana.

Pili, ulizeni habari za shule yenyewe. Katika shule nyingi za serikali hakuna ada ya mafundisho, ila mchango wa kila muhula. Shule za watu binafsi hutoza fedha. Shule ikiwa ya mtu binafsi, ulizeni kama mtihani wake watambuliwa na serikali.

Tatu, Kijerumani kianzwe hapa nyumbani. Shule nyingi hutaka mwombaji awe amefika daraja la B1 au B2 kabla ya mtihani wa kuingia. Taasisi ya Goethe hufundisha lugha hiyo Nairobi na Dar es Salaam.

Nne, hesabuni fedha za kukaa, kwa maana kutolipa ada si kuishi bure. Tangu Septemba 2024, mwombaji wa ruhusa ya kuingia nchini kwa masomo huonyesha kwa kawaida Euro 11,904 kwa mwaka, yaani Euro 992 kila mwezi. Kiasi hicho hubadilika, basi kiulizwe upya kabla ya kuuza mali.

Tano, jamaa wote waambiwe tangu mwanzo kwamba mwaka wa kwanza ni wa matayarisho, kijana asije akaona haya kuandika ukweli katika barua zake.

Nanyi walimu wenzangu, barua ya sifa haitoshi. Kabla hatujatia sahihi, tumwite kijana, tumketishe, tumwulize: "Mwanangu, waingia darasa gani?" Swali hilo halina gharama. Mimi sikuliuliza wakati wake, na ndiyo sababu nimeliuliza leo mbele yenu nyote.

Kwaherini.