Mafuta Yaliyokauka Kwenye Shuka

Msikilizaji, kipupwe kimeshika. Njombe, Makete na Mbeya watu wanaamka na baridi inayouma vidole, na hata huku pwani upepo wa kusi umekwisha kukausha midomo. Kwa wengi wetu ni msimu wa kupauka tu: unajipaka, unaendelea na shughuli zako. Kwa mtoto mwenye ukurutu, yule ambaye majirani wanasema ana pumu ya ngozi, ni msimu wa kukesha. Anajikuna viwiko na nyuma ya magoti mpaka shuka linapata madoa ya damu, na mama yake naye halali.

Ngozi ya mtoto huyo haishiki maji. Tabaka lake la juu lina upenyo. Maji ya mwilini yanatoka, huku sabuni, vumbi na vijidudu vikiingia. Ndipo mwasho unapoanza, na kila akijikuna anaupanua upenyo uleule. Mafuta yanaziba palipo wazi na kuyafungia maji ndani. Kwa mtoto huyu, basi, mafuta ni tiba, tena tiba ya kila siku, hata zile siku ambazo ngozi inaonekana imetulia.

Na tunampaka kidogo mno. Mtoto aliyeshikwa na ukurutu mwili mzima anaweza kuhitaji gramu 250 kwa wiki; mtu mzima, hadi gramu 500. Kopo la gramu 50 kwa mtoto kama huyo halimalizi siku mbili. Najua mzazi anayenisikiliza sasa ameanza kupiga hesabu ya fedha, kwa hiyo nimpe habari njema. Mwaka 2022 watafiti wa Bristol, Uingereza, walichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha watoto 550 wenye ukurutu. Walilinganisha losheni, krimu, jeli na mafuta mazito, na hakuna aina iliyoishinda nyingine katika kutuliza ukurutu. Bora ni ile ambayo mtoto anaikubali na mzazi anaimudu. Mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato, yanafaa. Asiyeweza kununua krimu ya bei kubwa asijione anamnyima mwanawe.

Sasa, kwa kuwa ninakuhimiza upake kwa wingi, sina budi kusema jambo ambalo dukani na kliniki husemwa mara chache mno. Jambo hilo ni moto.

Mafuta yakiwa ndani ya kopo hayawaki kirahisi. Hatari inakuja yanapohama kutoka kwenye ngozi na kuingia kwenye kitambaa. Usiku baada ya usiku yanalowesha shuka, foronya, blanketi, bandeji, na kanga ya kumbebea mtoto. Yanakauka humo, na kwa macho huoni kitu. Kitambaa hicho sasa ni kama utambi wa kibatari: nyuzi zimeshika mafuta, bado kiberiti tu. Kikiguswa na moto kinashika upesi kuliko kitambaa kisicho na mafuta, kinawaka kwa ukali, na aliyekivaa anabaki na muda mfupi sana wa kujiokoa.

Waingereza wamelijua hili kwa uchungu. Mwaka 2007 hospitali zao zilipewa onyo kuhusu mafuta ya ngozi yatokanayo na petroli, na kwa miaka kadhaa ilidhaniwa hatari iko kwenye yale mazito tu. Baadaye wazima moto na watafiti wa vyuo vikuu wakavichoma vitambaa vilivyopakwa bidhaa za aina mbalimbali. Desemba 2018 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, MHRA, ikapanua onyo likahusu mafuta na krimu zote za kulainisha ngozi, hata zisizo na chembe ya petroli. Vifo zaidi ya 50 vilikuwa vimehusishwa na moto wa aina hii. Wengi walikuwa wazee, wavutaji sigara, na watu wasioweza kuinuka haraka kitandani.

Kule walihofia zaidi sigara. Kwetu moto uko karibu kuliko hapo. Jiko la mkaa linaingizwa chumbani usiku wa baridi. Kibatari kiko kando ya kitanda, umeme ukikatika unawashwa mshumaa, na dawa ya mbu ya kuchoma inafuka jirani na chandarua. Mama amekaa kigodani anakoleza moto, mtoto yuko mgongoni ndani ya kanga ileile ambayo imekunywa mafuta kwa miezi. Hii ndiyo picha ninayotaka uibebe unapofungua kopo leo jioni.

Jiko lisiingie chumbani kabisa. Moshi wake na hewa yake ya sumu isiyo na harufu vinaua hata pasipo mafuta. Ukienda kupika, vaa nguo nyingine, na kanga ya mtoto iwe iliyofuliwa karibuni. Shuka zibadilishwe mara kwa mara. Lakini usidhani kufua kumemaliza kazi. Maji ya moto na sabuni hupunguza mafuta, hayayatoi yote, kwa hiyo hata shuka safi la mtu anayejipaka kila siku liwekwe mbali na moto. Babu anayevuta sigara na anapakwa miguu kila usiku asivute kitandani, na aliye karibu naye amsimamie kwa upole. Na nguo ikishika moto, mtu asikimbie: alale chini, ajiviringishe, kisha sehemu iliyoungua imwagiwe maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, apelekwe hospitali. Dawa ya meno na samli visiguse kidonda hicho.

Nakuomba, usisikie haya ukaliweka kopo kabatini. Ngozi iliyoachwa ikapasuka inapata usaha, na mtoto anateseka bure. Endelea kupaka, mara tu baada ya kuoga, ngozi ingali na unyevu, ukishusha mkono kufuata vinyweleo badala ya kusugua. Chota kwa kijiko safi, maana vidole huingiza vijidudu kwenye kopo. Na mtoto aliyepakwa anateleza, basi mshike vizuri.

Lipo jambo lingine linaloniumiza, la zile tyubu ndogo za dukani. Mzazi akichoka na mwasho huambiwa achukue krimu fulani "kali", na kweli siku tatu ngozi inapendeza. Nyingi ya hizo zina steroidi yenye nguvu, kama klobetasoli au betamethasoni. Mikononi mwa mtaalamu, steroidi ni dawa nzuri ya ukurutu uliochachamaa, kwa kipimo na kwa muda. Ikigeuzwa mafuta ya kila siku, inaichubua ngozi ikawa nyembamba, inaacha michirizi isiyofutika. Kama umeandikiwa, ipake peke yake, na baina yake na mafuta yako ipite nusu saa hivi. Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu kirahisi. Ukurutu wake unaweza kuonekana kama weusi, zambarau au kijivu, na vipele vidogo. Ukiona hivyo na hujui ni nini, mtafute mtaalamu wa ngozi. Kituo cha mafunzo ya tiba ya ngozi, RDTC, pale hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha wataalamu hao tangu miaka ya 1990, na wamesambaa mikoani.

Tangu 2019 vipodozi hapa Tanzania vinasimamiwa na Shirika la Viwango, TBS, na mafuta mengi ya kujipaka yako kwenye fungu hilo. Ombi langu kwao ni kila kopo liwe na onyo la Kiswahili, lenye mchoro wa moto, kubwa kiasi cha kusomwa na bibi asiye na miwani. Hilo litachukua muda. Wewe muuguzi wa kliniki ya watoto huna haja ya kulisubiri. Kesho unapomwambia mama ampake mwanawe mafuta kwa wingi, muulize hapohapo: nyumbani jiko linakaa wapi, na mtoto analala wapi?