UA LA MWEZI WETU WA KUZALIWA

Hotuba ya wanachama siku ya kutimiza miaka kumi

Akina mama wenzetu wa Masasi na Newala,



Kikundi chetu kilizaliwa mwezi wa Agosti, na kwetu mwezi wa kuzaliwa una jambo lake. Aliyezaliwa mwezi wa Rajabu huitwa Rajabu, wa mwezi wa mfungo ni Ramadhani, na binti wa Alhamisi ni Mwanahamisi. Wenzetu wa Uingereza na Marekani humpa kila mtu ua la mwezi wake. Wa Juni ni waridi. Wa Agosti ni gladiola, ua lililopata jina kutokana na neno la Kilatini la upanga, nalo huhesabiwa kuwa ishara ya uthabiti.

Je, sisi wa Agosti, ua letu ni lipi? Tusiende mbali. Agosti mikorosho inachanua. Ua lake ni dogo, wala bibi harusi halivai kichwani kama asumini. Lakini shada moja lina maua mengi sana, na mengi hupukutika. Machache tu ndiyo hushika. Tena korosho hutangulia kukua, bibo huvimba baadaye. Hilo ni fundisho: akiba kwanza, utamu utafuata.

Ua hili limeona shida. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yakashuka chini ya tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini wakaacha mashamba, bei ilikuwa duni, na ubwiri unga ukaunguza maua. Ndiyo maana tunapuliza salfa.

Sasa jamani, salfa ni fedha, na Agosti fedha za msimu uliopita zimekwisha. Hapo ndipo mtu wa kangomba anapobisha hodi. Leo anakupa vijisenti, msimu ukifika anabeba magunia. Umeuza korosho ikiwa bado ua! Stakabadhi ghalani ilianza mkoani kwetu mwaka 2007, na minada ipo, lakini mzigo uliokwisha kuuzwa mtini haufiki mnadani kwa jina lako.

Ndiyo sababu sanduku letu lenye kufuli tatu hukopesha zaidi wakati wa maua. Mama anapata ya salfa na ya vibarua, anarudisha akishalipwa, na korosho inabaki yake.

Ombi letu kwa waume zetu: kabla ya kupokea fedha ya kangomba, tuulizeni kwanza sisi wake zenu. Na ninyi akina mama ambao hamjajiunga, karibuni, hata kwa hisa moja.

Ua letu haliuzwi!

Akina mama, oyee!