Muziki wa Uwanjani Usio na Kiingilio
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Moshi)



Nashukuru kwa kupewa wasaa wa kusema machache juu ya jambo ambalo mkutano huu utalikata kabla hatujaondoka, yaani jinsi ya kuutumia mfuko wa starehe wa chama chetu. Shauri lililotangulia ni kwamba tukodi ukumbi, tuite bendi, tuuze tikiti, na faida irudi mfukoni. Sina ugomvi na dansi. Lakini nawaomba mlitazame na shauri la pili: fedha hiyo hiyo iwalipe wapigaji wapige mahali pa wazi, saa za jioni, katika miezi ya kiangazi, pasiwe na mlango wala mtu asiulizwe hata senti.

Najua wako watakaosema kuwa hili ni jambo geni. Kwa hiyo yafaa kwanza tutazame habari za wenzetu waliokwisha kulitenda. Wengi wao walilitenda penye maji, baharini, ziwani au mtoni, kwa kuwa huko ndiko watu wa mijini hukimbilia upepo wakati wa joto. Sisi wa Moshi hatuna pwani, walakini sababu zilizowaongoza wao na sisi tunazo.

Nianze na Unguja. Mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, ukingoni mwa bahari, pana bustani iitwayo Forodhani, kwa kuwa hapo zamani ndipo palipokuwa na shughuli za forodha. Bustani ile ilitengenezwa mwaka 1936 kwa ukumbusho wa miaka 25 ya utawala wa Seyyid Khalifa bin Harub, aliyeshika ufalme mwaka 1911, na ndani yake kikawekwa kibanda cha bendi. Hata kabla ya bustani, masultani walikuwa na bendi ya tarumbeta na ngoma, wapigaji wake wengi wakiwa Wagoa, nayo ilipiga mbele ya jumba la mfalme. Mfalme ndiye aliyelipa. Lakini mchukuzi aliyetoka kupakua jahazi alisikia sauti ile ile aliyoisikia balozi. Mwaka 2009 bustani ikafunguliwa upya baada ya kutengenezwa na Aga Khan. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, hutoza kiingilio ndani ya Ngome Kongwe. Walakini lina maandamano ya ngoma na tarumbeta barabarani ambayo kila mtu huyatazama bure, na katika miaka kadhaa limeweka jukwaa lisilo na kiingilio hapo hapo Forodhani. Wenye tamasha wameona kwamba haifai kufanya sherehe ndani ya mji huku wenye mji wakiachwa nje ya ukuta.

Wala muziki wa namna hii haukukaa kwa wafalme tu. Tangu miaka ya 1890 watu wa Lamu na Mombasa waliitazama bendi ya wazungu, wakaifanya kuwa yao, wakaiita beni. Ikafika Tanga, Dar es Salaam, ikapanda bara pamoja na askari na wachukuzi wa vita vya 1914 hadi 1918. Vyama vya Marini na Arinoti vilikuwa na vyeo, mavazi, na michango ya wanachama, na baadhi ya viongozi wao walikuwa makarani kama sisi. Walishindana mbele ya mji mzima. Wakubwa wa serikali waliwatazama kwa shaka, wakidhani kuna siri ya siasa. Kumbe siri kubwa waliyokuwa nayo ni kujua kukusanya mchango na kuutunza.

Sasa nivuke bahari. Katika mji wa Boston, Marekani, alikuwapo mpiga fidla mmoja, jina lake Arthur Fiedler, aliyekuwa mwajiriwa katika bendi kubwa ya mji ule. Aliona kwamba muziki anaoupiga ukumbini husikiwa na wenye uwezo wa kununua kiti tu. Akazunguka kutafuta wafadhili, akajengewa jukwaa la mbao kando ya Mto Charles, na tarehe 4 Julai 1929 akapiga bure mbele ya watu wa mji. Miezi michache baadaye dunia iliingia katika dhiki kuu ya fedha, lakini muziki ule haukukoma. Mwaka 1940 lilijengwa jukwaa la kudumu, lenye ukuta uliopindwa mfano wa kombe la bahari, ili sauti isipotee nyuma bali isukumwe mbele kwa wasikilizaji. Tarehe 4 Julai 1976 walifika watu wapatao 400,000.

Huko Chicago, katika bustani ya Grant Park, karibu na Ziwa Michigan, kazi kama hiyo ilianza mwaka 1935. Sababu yake yafaa tuishike sana. Picha za sinema zilipoanza kusema zenyewe, wapiga muziki waliokuwa wakipiga ndani ya majumba ya sinema walikosa kazi. Kisha ikaja ile dhiki ya fedha. James Petrillo, kiongozi wa chama chao, akashirikiana na wasimamizi wa bustani za mji, wapigaji wakapata ujira, na wasio na kazi wakapata mahali pa kupumzisha roho bila kulipa. Basi jambo moja liliwafaa watu wa namna mbili.

Mabwana, ukizitazama habari hizi zote utaona fundisho moja. Muziki wa bure si muziki usio na gharama. Daima yuko aliyelipa: mara mfalme, mara wafadhili, mara chama. Bure ni kwa msikilizaji, si kwa mpiga tarumbeta. Mahali ambapo mpigaji naye huambiwa apige bure, kazi hudumu jioni moja au mbili, kisha kila mtu hurudi kwake. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Na kutunzwa huko si kupigiwa makofi peke yake.

Sasa turudi nyumbani. Hatuna haja ya kuagiza muziki kutoka mbali. Wamisionari wa Leipzig walipofika mlimani mwaka 1893 walikuja na desturi ya kwao ya kusifu kwa tarumbeta, na vijana wa Kichaga wakaishika, hata leo hii tarumbeta ni sauti ya Kilimanjaro kama kahawa ilivyo mmea wake. Siku ya Jumamosi simama karibu na mnara wa saa, utawaona wapigaji wamepakiwa nyuma ya pikapu, wakitangulia gari la bibi arusi, na tarumbeta kubwa likimeta juani. Mji wote husimama kusikiliza, kwa muda wa dakika moja. Halafu gari hupita, na muziki huenda ukumbini kwa wale wenye kadi.

Nami nauliza: ile dakika moja haiwezi kuwa saa moja? Yule mfagiaji wa barabara aondoaye taka kabla hatujaamka, mama auzaye ndizi sokoni, tarishi wa ofisi zetu wenyewe, na mtoto wa shule, wote ni wenye mji huu. Dansi ya tikiti haitawaona. Watakaokuja ni sisi kwa sisi, tuonanao kila siku penye madaftari.

Nimesikia hoja tatu za kulipinga shauri hili, nami nitazijibu.

Ya kwanza, kwamba cha bure hakiheshimiwi. Huko Boston kazi ile imepita miaka 90 tangu kuanza. Watu hukidharau kitu kibaya, kiwe cha bure au cha kulipiwa. Tukileta wapigaji waliofanya mazoezi, waanzao saa ile iliyotangazwa, heshima itakuja yenyewe.

Ya pili, kwamba mahali pa wazi huleta fujo na uchafu. Hili ni kweli pasipo mpango. Ndiyo maana nasema saa moja na nusu tu, kuanzia saa 10 na nusu hata saa 12 ya jioni, wakati jua lingalipo. Hapo hatuhitaji taa, na tarumbeta, kwa kuwa iliumbwa kwa uwanja, haihitaji kipaza sauti. Kibali kiombwe mapema, na wanachama sita wabaki kuokota takataka. Moshi imejipatia sifa ya usafi, na chama chetu hakitakuwa cha kwanza kuichafua.

Ya tatu ni mvua. Walio hapa wote wajua kalenda yetu: masika ni Machi hata Mei, vuli ni Novemba na Desemba, na Juni na Julai ni miezi ya ukungu na baridi. Basi tuchague Januari, Februari, Agosti na Septemba, jioni moja kwa kila mwezi. Katika majira hayo mara nyingi wingu huondoka jioni, Kibo ikaonekana nyeupe na Mawenzi na meno yake ubavuni. Watu wa Boston wana mto wao. Sisi tuna mlima, nao hautozi kiingilio.

Bwana mweka hazina atauliza, faida iko wapi? Namjibu kwa heshima kwamba daftari lake halina safu ya faida ya namna hii, lakini chama chetu kina deni. Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha kule Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali, waliwaunganisha Waislamu na Wakristo, watu wa pwani na wa bara. Na wakulima wa mlima huu walipounganisha kahawa yao mwaka 1933 chini ya KNCU, kila mmoja alileta gunia lake dogo. Sisi tulioketi penye meza tukilipwa mshahara kila mwezi, mshahara huo watoka kwa hao hao wapitao nje ya dirisha letu. Kuwarudishia jioni nne kwa mwaka si sadaka. Ni sehemu ndogo ya haki yao.

Kwa hiyo natoa shauri hili, na naomba liandikwe: kwamba fedha ya mfuko wa starehe iliyotengwa kwa dansi igawanywe mara nne, kwamba kwa kila fungu kialikwe kikundi kimoja cha tarumbeta au ngoma cha wilaya zetu, kilipwe ujira wake kamili siku ile ile, na kwamba mahali pawe pa wazi, pasiwe na kamba, wala viti vya wakubwa mbele. Mwenye mwaka mmoja wa kazi na mwenye miaka 30 wakae katika nyasi zile zile.

Mkilikataa, nitanunua tikiti yangu ya dansi kama mwanachama mwaminifu. Mkilikubali, jina langu liwe la kwanza katika wale sita wa kuokota takataka.